Gong la Kaka Chacha

Kaka yangu Chacha,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, ila mdomo wangu haujazoea kukuanza kwa neno jingine.

Unakumbuka siku niliyokupigia simu kutoka Java, kule Indonesia, nilikopata nafasi ya kusomea muziki kwa mwaka mmoja? Nilikwambia najifunza kupiga gong. Ukafoka: "Bhoke! Umepandishwa ndege kwenda kunywa gongo? Si ungekunywa hapa hapa kwetu Itiryo?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Baadaye ndipo nikatambua kwamba ulikuwa unapiga kelele kwa sababu hukunisikia vizuri. Karasha za machimboni, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, zilikuwa zimeshaanza kuyala masikio yako.

Nikakutumia video ili uone mwenyewe. Vile vyombo vyote kwa pamoja vinaitwa gamelan: vipande vya chuma na shaba vimepangwa juu ya fremu za mbao, na watu wamekaa sakafuni bila viatu, wanavigonga kwa nyundo za mti. Nilikueleza kwamba mkono mmoja ukipiga chuma, mwingine unakizima kile ulichotoka kukipiga, ili sauti zisipandiane. Nilikueleza jinsi mwalimu wangu, mama mmoja mpole, alivyoninyang'anya kalamu nilipotaka kuandika noti. "Sikiliza wenzako kwanza," alisema. Kila wiki alinihamisha chombo, mpaka nikajua kazi ya kila mtu. Gong kubwa, duara la shaba linaloning'inizwa, hupigwa mara chache, kufunga mzunguko wa wimbo. Wote huelekea pale.

Niliporudi nyumbani nilikukuta umekuwa mtu mwingine. Wewe uliyekuwa unaitwa kila harusi kupiga iritungu, ule uzeze wetu wa Kikurya, ulikuwa umeutundika ukutani nyuzi zikalegea. Ulikuwa umeacha machimbo, unachomelea mageti pale senta, na watu wakikusemesha unatikisa kichwa tu ili waondoke. Iliniuma sana, kaka.

Nilipoomba kuanzisha kundi la gamelan shuleni ninakofundisha, mwalimu mkuu naye hakunipokea kwa makofi. Aliniuliza, "Watoto wetu hata iritungu hawaujui, wewe unawaletea ya Wajava?" Swali lake lilikuwa la haki. Nikamwambia nataka wajifunze kusikilizana, na wakishajua hilo watapiga chochote, hata iritungu. Akasema, "Haya, vyombo viko wapi?"

Ndipo nikaja kwako. Ulinisoma midomo, ukakuna kidevu, ukaenda nyuma ya banda ukarudi na spring za gari bovu na sahani ya jembe la trekta. Likizo nzima tulikuwa pale, mimi masikio, wewe mikono. Nikikuonyesha kidole juu, unasaga ncha ya chuma kwa grenda ili sauti ipande. Nikishusha kidole, unasaga katikati ili ishuke. Ile sahani, ndiyo gong letu, ulipoining'iniza na kuigonga, uliweka kiganja juu yake, kisha ukaiegemeza kifuani. Ukakaa hivyo muda mrefu.

"Hii naisikia," ulisema.

Nikakuomba uipige wewe. Ukakataa katakata. "Nikachekwe na watoto?" Nikakwambia utamtazama bega Neema, yule msichana wa ngoma anayeongoza wengine; bega likishuka, unapiga. Ulikubali kwa kunung'unika.

Siku ya mahafali uwanja ulijaa, hadi ndugu zetu wa Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Sirari, walikuja. Watoto walianza vizuri. Mzunguko wa mwisho ulipokaribia, mzazi mmoja akapita mbele yako kupiga picha, ukampoteza Neema. Wimbo ukafika mahali pa gong, na gong halikulia. Lakini hakuna mtoto aliyegusa chuma. Hakuna aliyecheka. Walikaa na nyundo zao hewani, wanakusubiri. Yule mzazi akasogea, ukawaona wamekutumbulia macho, ukaelewa, ukapiga. Mwalimu mkuu alikuwa wa kwanza kusimama. Jioni ile nilikukuta unakaza nyuzi za iritungu, hutaki kuongea na mtu, unatabasamu peke yako.

Halafu kikohozi. Vumbi la machimbo, daktari alisema, lilikuwa limekaa kifuani miaka mingi. Mvua zilipoanza tukakuzika.

Kaka, ninachotaka ujue ni hiki. Wiki iliyopita wifi yangu Robhi, mkeo, alikuja shuleni wakati wa mazoezi. Hajawahi kushika chombo cha muziki maishani. Aliniuliza, "Alikuwa anakaa wapi?" Nikamwonyesha. Akavua kandambili, akakaa, akachukua nyundo yako. Nilitaka kumwambia nitampa ishara, ila alinizuia kwa mkono. Watoto wakaanza. Mzunguko wa kwanza akapiga pale pale. Wa pili, pale pale. Hakukosea hata mara moja.

Nikamuuliza, "Wifi, umejifunzia wapi?"

Akafuta uso kwa kanga. "Huyu mtu alikuwa ananigongea mgongoni kila jioni, anafanya mazoezi. Wimbo wote naujua kwa mgongo."

Pumzika vizuri, kaka. Jumatatu anakuja tena.

Mdogo wako akupendaye,
Bhoke