Fundi Asiyejulikana

Jumanne, 4 Machi
Wamenikubali! Sufuria zangu kumi na moja zitatundikwa ukutani kwenye maonyesho ya sanaa, vitako vikitazama watu.

Zangu — mdomo huo! Ni za wateja wa Baba, wale ambao hawakurudi kuzichukua. Baba ni fundi bati. Sufuria ikitoboka, anaipiga kiraka. Nilipomwomba alicheka mpaka akakohoa. Eti nani atatoka kwake kwenda kutazama sufuria kuukuu? Kisha akazisugua zote kwa mchanga, zikang'aa, nisije nikaaibika mbele za watu. Na mimi masizi ndiyo niliyoyataka! Jana nimeshinda nazipaka masizi upya. Sijamwambia.

Alhamisi, 6 Machi
Msimamizi wa maonyesho alikuja kuziona. Mama mwenye miwani mikubwa, hana papara. Alipitisha kidole kwenye viraka, kimoja kimoja. Akagundua kila kiraka kina misumari minne ya ribiti pembeni na mmoja katikati usio na kazi yoyote. Akauliza nani kavipiga.

Nikasema: sijui.

Lilitoka lenyewe. Hata kumeza mate sijameza.

Ijumaa, 7 Machi
Lile "sijui" nalijua lilikotoka. Darasa la tano. Baba alikuwa anapita nje ya shule na nyundo yake, akiita wenye sufuria mbovu. Wenzangu wakachungulia, wakaniuliza yule mzee ni nani. Sijui, nikasema. Dirisha lilikuwa wazi. Alinisikia? Miaka ishirini na mbili, sijathubutu kumuuliza.

Jumatatu, 10 Machi
Kibandiko cha maelezo kimeshachapwa, nimetumiwa picha. Jina langu juu, kwa herufi nene. Chini: "Viraka vimepigwa na fundi asiyejulikana." Msimamizi amefurahi kweli. Anasema hapo ndipo kazi ilipopata uzito.

Nikaandika ujumbe wa kumsahihisha. Nikaufuta. Nikaandika tena. Nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Naona haya hata kujitazama kwenye kioo.

Alhamisi, 13 Machi
Dada kapiga simu anacheka. Baba amenyoa, koti liko kwa dobi, na kila fundi pale kazini kwake ameambiwa: binti yangu ametundika kazi zetu.

Zetu!

Nikampigia Baba mwenyewe. Nikamwambia kutakuwa na msongamano, viti hakuna, miguu itamuuma. Akajibu: "Mwanangu, miguu hii inauma tangu hujazaliwa. Nakuja." Ningemweleza palepale. Nikamuuliza kama amekula.

Jumamosi, 15 Machi
Naandika chooni, hapa hapa ukumbini. Mlango nimeufunga kwa ndani.

Amekuja. Nilimkuta keshafika, kasimama mbele ya sufuria, mikono nyuma. Masizi ameyaona. Akasema miwani kaisahau nyumbani, nimsomee kibandiko. Nikasoma. Ule mstari nikauruka! Mtu mzima mimi, namruka baba yangu mchana kweupe. Akaitikia kwa kichwa. Akasema nimesoma vizuri.

Mara msimamizi huyo, tabasamu mpaka masikioni. Akaniuliza huyu mzee ni nani wangu. Nikafungua mdomo. Haki ya Mungu nilitaka kusema. Baba akaniwahi: "Mimi mpita njia tu, mama. Nimeona mlango uko wazi, nikaingia."

Kisha akatia mkono kwenye koti, akatoa miwani, akaivaa, akainama kutazama ribiti.

Alikuwa nayo! Alishasoma kabla sijafika. Nikasema nakwenda msalani mara moja.

Sasa namsikia kupitia mlangoni. Wamemzunguka, ni wengi, nasikia kwa sauti zao. Kuna aliyeuliza ile ribiti ya katikati ni ya nini. Anawaeleza taratibu, kama anavyowaeleza wateja: zile nne zinashika bati. Ya tano fundi anaipiga ili siku akikutana na kazi yake mahali, aitambue.

Wanamuuliza yeye amejuaje.

"Sijui," anasema. "Nabahatisha tu."

Wamecheka. Na yeye kacheka nao.

Mtu anagonga hapa, anataka choo. Nimeshika kitasa —