Bibi Ameiweka Baiskeli ya Mdogo Wangu Juu ya Moto

Shangazi Giok, shikamoo, nakuomba usinicheke na unijibu upesi, maana sijui nimwambie nani mwingine.

Mimi ni kijana wa hapa Fengyuan, nafanya kazi kiwanda cha fremu za baiskeli, naishi na Bibi na mdogo wangu wa kike, Hsin-lei, ambaye amechaguliwa timu ya shule ya baiskeli za milimani, na mashindano ni mwisho wa mwezi huu, na kwa kuwa wenzake wanapanda baiskeli za bei ya kutisha nikamwambia usijali, kaka yako atakuundia ya kwako, ya kimo chako mwenyewe. Basi nikaanza kuokoteza, fremu nikapewa kiwandani kwa sababu rangi yake ilitoka na madoa, breki nikabadilishana na rafiki kwa simu yangu ya zamani, na foki, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, nikaipata kwa bwana mmoja wa mji wa Puli, ya kaboni, nzima kabisa, akaniachia kwa bei ya huruma kwa sababu alianguka ngazi ya dukani kwake akavunjika bega na hapandi tena.

Mdomo wangu ndio ulioniponza. Tulikuwa tunakula nikamsimulia Bibi habari za huyo bwana, naye akaweka chini vijiti vyake vya kulia chakula. "Kitu cha mtu mwenye mkosi ndicho unachomletea mtoto? Kwanza kipite juu ya moto." Nikamjibu sawa Bibi, nitaipeleka hekaluni, nikaenda zangu kazini. Shangazi, ujue marehemu baba alinunua pikipiki wakati Bibi yuko kitandani na homa, akaondoka nayo kabla haijasafishwa mikosi, na hakurudi. Tangu hapo hakuna chenye magurudumu kinachoingia kwetu bila Bibi kukifanyia mambo yake, na mimi simlaumu hata kidogo.

Niliporudi jioni nikakuta uani kuna karai la makaa, chumvi, mchele, ubani na karatasi za dua, na jirani yetu Mama Lo anajifuta jasho. Baiskeli ilikuwa bado haina gurudumu la mbele, na wazee hawa wawili walipochoka kuishika juujuu, waliiegemeza ile foki kwenye ukingo wa karai, wakaketi kunywa chai mpaka ubani uishe! Jamani! Rangi ilikuwa imefura malengelenge, nikagonga kwa sarafu, upande mmoja unalia kikavu, ndivyo inavyotakiwa, upande wa pili unatoa sauti ya mti uliooza. Shangazi, kaboni ni nyuzi na gundi, ikipata moto gundi inalegea, na siku itakapovunjika haitoi taarifa.

"Umeona?" Bibi akaniambia, uso unang'aa. "Sasa hata akishuka jabali, hapatwi na kitu."

Mama Lo naye akadakia: "Bibi yako nguvu anazo, bwana! Mimi mkono umekufa, yeye bado anaomba!"

Nikasema ahsante Bibi. Kisha, na hapa usinipige, nikakwangua yale malengelenge nikapaka rangi nyeusi, nikafunga gurudumu, nikijiambia nitabadilisha foki mshahara ukitoka. Lakini Hsin-lei ameikuta imekamilika, amerukaruka kwa furaha, na tangu juzi anaipanda kwenda shule, na keshokutwa kocha anawapeleka mlimani kwa mazoezi. Nikimwambia Bibi kwamba kile alichokifanya kumlinda mjukuu ndicho kinaweza kumuua, atakufa yeye. Nimwambie, au nitafute namna ya kuibadilisha kimyakimya?

Ni mimi, Kaka wa Fengyuan. Namba ya simu ya nyumbani nimeiandika nyuma ya bahasha.

SHANGAZI GIOK ANAJIBU

Wewe kijana! Nimekuwa nikisoma barua za watu miaka na miaka, za waume wenye nyumba mbili, za mawifi wanaotiliana chumvi chaini, na sijapata kushtuka namna hii. Unajua foki imeoza, umeisikia kwa masikio yako, ukaipaka rangi! Halafu ukakaa chini ukaniandikia barua, ukatia stempu, ukaipeleka posta, mtoto yuko juu yake!

Sikungoja siku ya kuchapisha. Bahasha ilipofika nilipiga ile namba pale pale. Ulikuwa kiwandani. Simu akaipokea Bibi yako.

Ndiyo, nilimwambia. Ukasirike upendavyo. Nilimwambia moto umeiharibu foki na mtoto asiipande tena. Akauliza, "Mlima upi?" Nikasema sijui, mama. Akaweka simu, na mengine unayajua, kwa sababu mji mzima unayajua: alikodi teksi akiwa na kandambili zake za jikoni, akapita shuleni kuulizia mlima, akasimama katikati ya njia ya mazoezi akitandaza mikono, kocha akipiga filimbi na watoto wakimkwepa huku na huku, mpaka Hsin-lei akashuka.

Umeona kama amekufa? Mtu aliyemzika mwanawe akabaki kuwalea ninyi wawili, wewe ndiye unayemhesabu kuwa hawezi kuambiwa neno? Nakuonea huruma, najua ulikuwa unamstahi. Lakini heshima gani hiyo, inayomwacha bibi akitabasamu mlangoni huku mjukuu anakwenda kuvunjika shingo?

Sasa fanya hivi. Ile foki ikate vipande kwa msumeno leo, usije ukaitupa nzima akaiokota mwingine. Tafuta ya chuma, hapo Fengyuan zimejaa, nzito lakini ya kweli, na umwambie Hsin-lei kwa nini atashika mkia kwenye mashindano. Mama Lo usimguse, hana kosa.

Kuna jambo moja sikulisema kwenye simu, nalo ni ile rangi. Bibi yako alinipigia jioni ile, akaniuliza: "Na kaka yake alikuwa anajua?" Nikamjibu, "Hilo atakwambia mwenyewe, mama."

Jana amenipigia tena. Anasema unakula, unanawa, unakwenda kulala, na bado hujamwambia. Gazeti hili analisoma baada ya chakula cha mchana. Mwahi.