Ngazi ya Glydel

Ijumaa, 5 Julai 2019

Fomu za tathmini zinatakiwa leo. Tangu saa mbili asubuhi meza yangu imegeuka zahanati – foleni, kila mtu na karatasi yake mkononi. Mama Soling, niandikie. Mama Soling, nipambie kidogo. Nonoy, msoma mita wa kitengo chetu, kaja na samaki wakavu kwenye gazeti. Mlinzi kaleta mayai sita. Miaka ishirini na sita niko kwenye mamlaka hii ya maji, na bado hakuna anayeweza kuandika alichofanya mwenyewe.

Safari hii wana haki ya kuhangaika. Mkataba mpya kati ya chama chetu cha wafanyakazi na menejimenti umeanza kazi. Kifungu cha 14: katika kila kitengo, mwenye alama za juu kuliko wote anapandishwa ngazi moja ya mshahara juu ya wenzake. Mmoja tu. Kwa ubora wa kazi, si kwa miaka. Nakijua neno kwa neno, maana mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kamati. Nilikichapa kwa vidole hivi.

Na ngazi ya kitengo chetu ni yangu. Nasema hapa ambapo hakuna anayesoma. Februari ya 2020 nastaafu, na pensheni inapigwa kwa mshahara wa mwisho. Ngazi nitakayopata sasa nitaila mpaka kaburini. Nikiikosa, ndiyo basi, hakuna mwaka mwingine.

Wa mwisho kwenye foleni – Glydel. Meza yake imegusana na yangu. Miaka thelathini na minne, nywele za saluni, kucha kama pipi. Hakuleta samaki, hakuleta yai. Kaleta manukato yake tu.

"Mama Soling, hata sijui nimefanya nini miezi sita hii. Wewe ndiye unajua."

Najua, ndiyo. Mwezi wa nne, kiangazi, maji yalipokauka mabombani, yeye alipokea simu mpaka saa kumi na moja kamili, akachukua mkoba. Rejista ya malalamiko niliibeba mimi. Jumamosi tano nilikuja ofisini peke yangu, feni imekufa, nikapigia nyumba moja baada ya nyingine mpaka malalamiko yote 412 yakafungwa.

Sasa huu ujinga wangu, niuandike nilivyoufanya. Nilikuwa nimeshaandika fomu kumi na nane, mkono umepata moto. Nikamwandikia Glydel: "Alimaliza malalamiko 412 ya kiangazi bila kubaki hata moja." Sentensi ilitoka tamu mno. Nikaitazama, nikashindwa kuifuta. Nikajisemea, si ofisi nzima inajua nani alifanya.

"Na alama?" nikamuuliza. Kila mtu anajipa mwenyewe kwanza, halafu bosi.

"Weka tano, Mama. Si najipa mwenyewe?"

Haya! Tano juu ya tano, bila hata kukohoa.

Kwenye yangu nimeandika, "Alisaidia kushughulikia malalamiko." Alama: tatu.

Jumatatu, 15 Julai

Fomu imerudi. Injinia Hortelano, bosi wetu mpya, ametia sahihi. Tatu yangu imebaki tatu.

Nimegeuza karatasi, nikatazama na nyuma.

Miaka yote najipa tatu. Bosi wa zamani alikuwa anaikata kwa kalamu nyekundu, anaandika tano, ananiambia acha unyenyekevu wako, Mama Soling. Ndivyo tunavyofanya sisi tuliolelewa. Utajipaje tano na macho yako makavu? Unajishusha, mwenzio anakuinua. Lakini Hortelano kahamia kwetu kutoka kitengo cha mabomba mwezi wa sita tu. Huko labda tatu ni tatu.

Labda atazibadilisha baadaye. Hajazitazama vizuri.

Jumatatu, 5 Agosti

Baada ya kupandisha bendera, Injinia akashika kipaza sauti. Kitengo cha huduma kwa wateja, aliyepandishwa ngazi kwa mujibu wa Kifungu cha 14 ni –

Glydel Palmares.

Makofi. Na mimi nilipiga. Nilipiga kuliko wote, viganja bado vinawasha.

Halafu akasoma sababu kwa sauti, mbele ya bendera, mbele ya mafundi na wafagizi: "Alimaliza malalamiko mia nne na kumi na mawili ya kiangazi." Mkia wa sentensi kaukata. Watu wakasema loo. Glydel kaweka mkono kifuani, kainamisha kichwa kama bikira kwenye picha. Sentensi yangu! Kavaa sentensi yangu kama gauni na imemkaa.

Jina lake liko kwenye ubao wa matangazo siku kumi. Mwenye pingamizi aandike.

Jumanne, 6 Agosti

Ana viatu vipya. Rangi ya maziwa. Hata hiyo ngazi haijaingia kwenye mshahara!

Nimemweleza Temyong yote. Alikuwa anatengeneza feni ya jirani, hakuinua hata uso. Anasema mimi nimemwandikia mwenzangu akaingia peponi, nikajiandikia mwenyewe toharani, sasa nalalamika kuna joto.

Mume niliyeolewa naye miaka thelathini na nane. Sikumpakulia supu mara ya pili.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimeingia kwa Injinia. Nilikuwa nimejipanga niongee kwa upole, kama mtu anayeulizia karatasi tu.

"Injinia, samahani. Ile tatu yangu."

"Ile tatu uliyojipa?"

"Nilijipa, ndiyo. Lakini desturi ya hapa, bosi ndiye..."

"Mama Soling, kaa." Akafungua mkataba. Akanisomea Kifungu cha 14, sehemu ya tatu: mkuu wa kitengo asibadilishe alama ya mfanyakazi bila maelezo ya maandishi. "Hii si ninyi wa chama mliitaka? Mlisema wakuu wanapendelea."

Tuliitaka. Niliichapa.

"Mimi nilikuwa mgeni," akasema. "Nikasoma fomu. Mmoja anasema alimaliza, mmoja anasema alisaidia. Ningejuaje?"

"Ungeuliza."

"Ningemuuliza nani? Kila mtu hapa anasema, kamuulize Mama Soling."

Nikamwambia asante. Sijui asante ya nini. Mlango wake unajifunga polepole wenyewe, kwa hiyo hata kuubamiza sikuweza.

Nilipotoka, Glydel alikuwa anacheka na simu. Ana kicheko cha mtu aliyeshiba. Zamani sikuwahi kukisikia, sasa nakisikia hata nikiwa chooni.

Jumapili, 11 Agosti

Misa. Glydel benchi la mbele, viatu vya maziwa. Wakati wa kupeana amani akageuka, akanitafuta kwa macho, akanipungia mkono. Nikajifanya natafuta miwani. Miwani nilikuwa nimeivaa.

Padri kahubiri sijui nini. Mimi nilikuwa napiga hesabu: pingamizi mwisho Alhamisi.

Nasema kweli, wivu huu si wa peso. Ngazi yenyewe haifiki peso mia tano kwa mwezi. Kinachonikata maini ni kwamba nitaondoka ofisini nikiwa yule aliyesaidia. Wataandika hivyo kwenye cheti cha kuniaga, na watanipa saa ya ukutani. Na yeye aliyemaliza atakaa pale miaka thelathini mingine, akipaka kucha.

Jumatatu, 12 Agosti

Mapumziko ya mchana nimeenda kwenye duka la kompyuta karibu na kanisa, wanakochezea watoto wa shule. Nimechapa barua. Nusu ukurasa. "Si kweli kwamba Glydel Palmares alimaliza malalamiko 412 ya kiangazi bila kubaki hata moja. Rejista yenyewe itaonyesha mwandiko ni wa nani. Kamati ichunguze kabla haijamtuza mtu kwa jasho la mwenzake."

Imetoka nzuri. Nzuri kuliko fomu zote za mwaka huu. Niliisoma mara nne, karibu nimwite mtoto wa kompyuta ya jirani aisikie.

Sikuweka sahihi.

Sehemu ya tano ya kifungu inasema pingamizi liwe na jina na sahihi ya mwenye kupinga. Mimi ndiye niliyeipigania hiyo kwenye kamati. Nilisimama. Nilisema tusiruhusu watu wenye midomo kujificha nyuma ya karatasi. Walinipigia makofi.

Lakini nikiweka jina, watauliza ile sentensi kwenye fomu aliiandika nani.

Jumanne, 13 Agosti

Nimeitumbukiza kwenye sanduku la maoni saa moja na nusu asubuhi, kabla ya mlinzi kumaliza kahawa yake. Kaniuliza mbona mapema, Mama. Nikasema tumbo.

Ikabidi nijifanye naumwa. Siku nzima.

Alhamisi, 15 Agosti

Hakuna kitu. Ubao ni uleule, jina ni lilelile. Glydel kaninunulia juisi ya ndimu, sikuiomba. Nikainywa. Ilikuwa tamu ipasavyo, na hilo nalo likanikera.

Ijumaa, 16 Agosti. Ofisini, saa kumi kasorobo

Naandika chini ya rejista, asione mtu.

Aliyepandishwa ngazi anawalisha wenzake, hakuna wa kukwepa. Leo mchana Glydel kaleta masinia mawili ya pansit – tambi, kamba, kabichi, mayai ya kware. Watu wamejaa mashavu. Mimi nilisema nina presha, sitakula. Akanijazia sahani ya kwanza kabla ya Injinia, akaileta mpaka mezani kwangu, akavuta kiti.

"Mama Soling, kuna barua."

"Barua gani?"

"Ya kunipinga. Haina jina. Injinia kanionyesha jana." Alikuwa anachokonoa kucha, na rangi ilikuwa imebanduka kwenye kidole gumba. "Mimi nilimwambia tangu mwanzo, ile siku ya bendera. Nikamwambia malalamiko tulikuwa wawili. Akasema fomu haina wawili."

Wawili! Sikiliza hiyo. Jumamosi tano, nilikuwa nimekaa na nani, mjusi? Lakini alimwambia. Kabla sijaandika chochote, alimwambia. Nimeligeuza hili kichwani kutafuta hila ndani yake, sijaipata, na ninachukia kwamba sijaipata.

"Aliyeandika anaandika vizuri," akasema Glydel. "Karibu kama wewe."

Nikamtazama. Alikuwa anatazama tambi. Akaniambia nile, zinapoa, halafu akaenda kumpakulia mlinzi.

Hazijapita dakika tano, Injinia kaniita. Mezani kwake karatasi mbili, kaziweka kando kwa kando. Fomu ya Glydel. Barua yangu. Alizisogeza mbele yangu. Kwenye zote mbili alikuwa amezungushia kalamu nyekundu maneno yaleyale.

Bila kubaki hata moja. Bila kubaki hata moja.

Maneno manne niliyoyapenda mno ndiyo yaliyonichongea.

"Barua isiyo na jina ningeitupa," akasema. "Mkataba wenu unaniruhusu. Lakini inataja rejista, kwa hiyo makao makuu wanataka jibu kwenye faili. Nani alifanya nini kiangazi. Leo, kabla ya saa kumi na moja."

"Injinia, mimi..."

"Wewe ndiye mwandishi wetu, Mama Soling. Na wewe ndiye mtunza rejista. Ukisema Glydel alimaliza, ngazi ni yake na habari imekwisha. Ukisema hakumaliza, jina lake linatoka ubaoni, na nitauliza nani aliandika fomu."

"Na ngazi itakwenda kwa nani?"

Uso wangu sijui nilikuwa nimeuweka wapi, lakini niliuliza.

"Kwa mwenye alama zinazofuata. Nonoy. Kajipa nne."

Nonoy! Samaki wakavu! Nne nilimshauri mimi, alitaka kuweka mbili.

Nikachukua karatasi nitoke. Injinia alikuwa ameshaanza kula. Akasema, mdomo una tambi, "Safari hii iwe na sahihi."

Sasa niko hapa. Kompyuta iko wazi. Nimeandika jibu la kwanza: Glydel Palmares alimaliza. Liko safi, halina doa. Nimeandika na la pili: Mimi, Soledad Sustento, ndiye niliyemaliza, na ndiye niliyeandika kwamba ni mwingine. Hili limekaa vibaya, nimelipinda mara tatu halinyooki. Ni mara ya kwanza kwenye dawati hili kuandika sentensi inayoanza na mimi.

Saa kumi na dakika arobaini. Pansit imeganda. Nimeila nusu, ni nzuri, kaweka ndimu ya kutosha.

Glydel kasimama upande wa pili wa meza, mkoba begani. Saa zake za kwenda nyumbani zimekaribia, lakini leo haendi. Anauliza kama anisaidie kulichapa jibu.

Nimemwambia kaa hapo, uchague nitie sahihi ipi. Printa inatoa karatasi zote mbili, na kalamu iko kwake.