Siku Kompyuta Ilipomweka Baba Benchi

Jumamosi, Kibondo. Mvua imenyesha tangu asubuhi na nina zamu ya mapumziko, kwa hiyo leo sikuwa nesi wa mtu. Nilikuwa kocha.

Kwa wasionijua: nina timu ya besiboli ndani ya kompyuta. Mchezo huu aliniachia daktari mmoja aliyehamishwa, na mdogo wangu Gidioni, mwalimu kule Kasulu, naye anao. Kila Jumamosi tunapambana kwa mtandao. Wachezaji wangu tisa nimewapa majina ya watu wa nyumbani Heru Juu, na uwezo wa kila mmoja umegawiwa na mchezo wenyewe.

Sasa niungame. Katika besiboli wachezaji hupiga mpira kwa zamu, na anayeanza ndiye hupata nafasi nyingi zaidi. Mimi nilikuwa napanga zamu kwa umri. Baba wa kwanza, baba mdogo wa pili, shangazi wa tatu, hadi Neema, kitinda mimba wetu, mwishoni kabisa. Ningemtangulizaje Neema mbele ya Baba?

Misimu mitatu nimefungwa. Gidioni alinicheka hadi nikachukia simu. "Dada, hiki si kikosi, hii ni meza kuu ya harusi."

Leo ilikuwa mechi ya kuamua ubingwa. Nikakubali kumeza kiburi, nikabonyeza kitufe ambacho sijawahi kukigusa, kile cha kuiachia kompyuta ipange kikosi.

Kompyuta haijui shikamoo.

Neema wa kwanza. Shangazi wa nne, eti ana nguvu. Baba, ambaye mchezo ulimpa miguu mizito, hayumo kabisa. Yuko benchi, na nafasi yake amepewa mchezaji wa akiba ambaye hata jina la maana sijampa. Mara mbili nilipeleka kidole nimrudishe, nikajiona kama niliyemnyang'anya mzazi kiti. Mwishowe nilikunja mikono nikatazama.

Tulishinda saba kwa mbili. Neema alikimbia uwanja mzima kama aliyesikia kengele ya kutoka shule. Mimi ni bingwa, na nasema bila haya kwamba najivunia. Gidioni anadai eti aliyeshinda ni kompyuta. Alipokuwa ananifunga hakuwahi kusema aliyefungwa ni kitabu cha ukoo.

Lakini ilibaki simu ya jioni.

Baba hajui besiboli ni nini, ila kila Jumamosi hunipigia kuuliza swali lilelile: yeye amepiga ngapi? Tangu magoti yalipomkataza kwenda shambani mwaka huu, huo ndio mchezo pekee anaoucheza. Siku nyingi nimemwongezea mapigo ya uongo. Leo nilishindwa kumdanganya. Nikamwambia, "Baba, leo hukucheza. Kompyuta imekuweka benchi."

Nikasikia mvua ya kwao kwenye bati.

"Nani alianza?"

"Neema."

"Tumeshinda?"

"Tumeshinda, Baba. Ni mabingwa."

Akauliza kwa sauti ya mtu anayedai haki yake. "Mwana wanje, mwanangu, huko kwenye mchezo wenu kocha anakaa wapi?"

"Benchi, Baba."

"Basi usiende kuwaambia watu kwamba niliachwa. Waambie nilikuwa nawaelekeza watoto."

Nilicheka, halafu nikalia kidogo, sijui kwa nini vyote viwili vilikuja pamoja.

Nilimwahidi Baba, na ahadi ni deni. Kwa hiyo niandike hapa mbele ya wote, Gidioni ukiwemo: leo timu ya Heru Juu imetwaa ubingwa, na kocha wake ni Baba. Mimi nimerudi kuwa nesi. Kesho naingia zamu ya asubuhi.