Karoti Ndani ya Kiatu cha Fleur

Jumamosi, 15 Novemba

Leo tumeenda ufukweni, huku huku kwa Waarabu, na mabosi wangu kumpokea mzee wao wa sikukuu. Waholanzi watupu. Mzee ana ndevu nyeupe, joho jekundu, kofia ndefu kama ya askofu. Kashuka kwenye boti, watoto wakapiga kelele! Anaitwa Sinterklaas. Eti hutoka Hispania kila mwaka kuleta zawadi. Nikamwuliza Madam, huyu ndiye yule wa Krismasi? Akakunja uso. Hapana, huyu ni mwingine kabisa, siku yake ni tarehe tano Desemba.

Wasaidizi wake wanarusha biskuti ndogondogo kama punje za mahindi. Tamu — tangawizi na mdalasini. Lakini nyuso wamezipaka masizi. Nikakodoa macho. Madam akaona, akaeleza haraka haraka: ni masizi tu, wanapitia bomba la moshi. Everlyn, yule Mkenya mwenzangu anayelea watoto ghorofa ya chini, akaninong'oneza kwamba zamani walijipaka uso mzima, na midomo mikubwa myekundu. Mbona Madam hakusema hilo? Kama si kitu, haraka ya nini?

Nimefunga biskuti chache kwenye kitambaa. Za Nanjala wangu. Nikienda nyumbani Krismasi nitamlisha kwa mkono wangu. Nilimwacha anatembea kwa kushika ukuta, sasa mama anasema anakimbiza kuku.

Jumapili, 16 Novemba

Ghai! Nimeamka nifagie, nakuta kiatu cha Fleur, binti ya Madam, mlangoni, kimoja tu. Ndani karoti na nyasi kavu. Nyasi! Kwetu Webuye ukikuta kitu kama hicho mlangoni huulizi, unaita mchungaji. Mtoto wa miaka mitano, nani anamtakia mabaya? Nikakemea kwa jina la Yesu. Nikatupa vyote, kiatu nikakiosha kwa maji ya chumvi.

Fleur akaamka, akalia mpaka sauti ikakauka. Kumbe karoti ilikuwa ya farasi wa yule mzee! Farasi hupita juu ya paa usiku, akila, mtoto anaachiwa zawadi. Madam alikuwa hajaamka bado kuiweka hiyo zawadi. Sir, mumewe, alicheka mpaka akaegemea friji. Madam hakucheka. Alinitazama tu. Halafu: "Metrine, ungeuliza kwanza."

Hilo jicho silipendi.

Jumatano, 19 Novemba

Nilikuwa napanga vyombo. Madam akauliza hivi hivi tu, bila kunitazama, Nanjala anavaa kiatu namba ngapi. Kwa nini? Ana haja gani na mguu wa mwanangu? Na viatu vyenyewe ndivyo hivyo wanavyotia nyasi. Nikajibu ishirini na nane. Si kweli. Ni ishirini na nne. Kipimo cha mtoto wangu sitoi ovyo.

Nami nikamwuliza likizo yangu ya Krismasi, ile aliyoniahidi tangu Pasaka. "Tutaona, Metrine." Tutaona! Na mama yake anakuja kutoka Uholanzi, huyo wanayemwita Oma. Nani atampikia? Najua jibu.

Jumapili, 23 Novemba

Wamekata vikaratasi vya majina, wakatia bakulini. Na langu limo. Kila mtu anavuta jina kwa siri, anamtengenezea huyo mtu zawadi iliyofichwa ndani ya kitu cha kuundwa kwa mkono, na shairi la kumtania makosa yake. Linasomwa mbele ya wote! Mwandishi hajitaji, eti kaandika mzee.

Nikavuta. Sir!!

Nimseme bosi mbele ya mkewe na mama mkwe? Huu ni mtego. Ibada ilipokwisha, kanisani kule Deira, nikamweleza Everlyn. "Andika anakoroma," akasema. Wewe! Mimi nimejuaje anakoroma? Unataka nifukuzwe mchana kweupe? Akacheka mpaka akakaa chini. "Basi soksi, dada. Hakuna mwanamume asiye na kesi ya soksi."

Nikiwa kwenye metro ndipo ikanijia. Langu pia limevutwa. Kwa hiyo kuna mtu humu ndani anakusanya makosa yangu.

Alhamisi, 27 Novemba

Madam ameomba paspoti yangu. Kwa kitu kidogo tu, atarudisha. Kitu gani? Akatabasamu.

Nimemwambia Everlyn. Anamjua mmoja aliyeombwa hivyo hivyo, wiki iliyofuata yuko kwa arbab mwingine, bosi mpya asiyemjua. Halafu akasema lakini wako si wabaya. Amechelewa kusema hilo.

Jumanne, 2 Desemba

Sikukuu ya taifa ya huku, bendera kila mahali. Oma amefika. Amenifundisha supu yao ya minji kavu, zile njegere, nzito mpaka mwiko unasimama wenyewe. Ananishika mkono akiongea, mikono laini. Au anapima kama nitamfaa mwezi mzima?

Madam anajifungia stoo. Mkasi, gundi. Leo mlango ulibaki wazi kidogo nikaona. Katoni imekatwa, ina mpini. Ni sanduku la safari.

Nimepiga simu nyumbani. Nanjala alinionyesha miguu. Amevaa ndara za bibi yake, anaburuta, anaanguka, anacheka. Nikacheka naye. Nikazima simu, nikalia.

Ijumaa, 5 Desemba

Naandika chumbani haraka. Nimewaambia nakuja kuchukua kitambaa. Sanduku ninalo hapa kitandani.

Mlango uligongwa kwa kishindo, kufungua — gunia la zawadi! Kila mtu kapata herufi ya chokoleti, yangu M kubwa. Shairi nililomwandikia Sir limesomwa: soksi moja iko chini ya kochi, nyingine labda imekwenda Hispania. Sir mwenyewe alicheka kuliko wote. Khalas, yamekwisha, hapo nimepona.

Halafu sanduku la katoni, rangi ya bluu, METRINE pembeni. Madam akasoma. Metrine kamnyima farasi karoti yake. Metrine kakiombea kiatu. Wakacheka, nami nikacheka. Mwisho: sasa wakati umefika, Metrine afunge mizigo. Akakunja karatasi hapo! Eti fungua kwanza.

Kufunga mizigo kwenda wapi? Paspoti hajarudisha.

Nimelitikisa. Vitu viwili vyepesi, vinagongana. Nimetikisa tena. Ni viatu. Viatu vya mtoto, sauti hiyo mama yeyote anaijua.

Kama ni viatu, ni ishirini na nane. Ee Mungu wangu. Vitampwaya.

Fleur yuko mlangoni, ananiharakisha: "Metrine, yalla!"

Vinahitaji pamba kwenye vidole. Sasa nitaitia mimi mwenyewe, mguu wake ukiwa pajani pangu — au vinaenda kwa kago bila mimi, nimwelekeze mama kwenye simu?