Gari linavuta kushoto, kaka

Kaka Valentino,

Chai iko kwenye chupa. Gari usiliguse.

Asubuhi nimelipeleka Mtendeni. Ukilegeza usukani tu, linakimbilia kushoto. Fundi Parvez kajaza upepo, kahamisha matairi ya mbele, la kulia kushoto, la kushoto kulia. Bado kushoto! "Dada, hili limegonga kitu. Chuma cha usukani kimepinda."

Halafu ringi ina chokaa. Jana si ulisema umeishia kanisani? Mawe ya kanisani hayana chokaa, kaka. Ya uani kwa kina Advera yamepakwa juzi, wanangoja sherehe ya kipaimara.

~~Nimeshamwambia baba.~~ Sijamwambia. Mchana anampeleka mama Itetemia kwa gari hilohilo. Mwambie wewe kabla hajawasha, usije ukatuulia mama kwa kuona aibu kumtaja huyo wifi Advera.

Mdogo wako asiyedanganyika,
Apolinaria