Kabati la Tabaka Tatu

Baba yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, umelala kaburini mwezi sasa, lakini adabu ulinifundisha wewe, na sikuvitupa vyote ulivyonifundisha.

Unaikumbuka karakana yetu pale Kalangalala? Plaiwudi ikifika na lori kutoka Isaka, ulikuwa unaniita hata dereva hujamsalimia. "Ng'wana wane, mwanangu, usitazame uso wa ubao, uso wote unang'aa. Tazama ukingo, uhesabu." Tabaka tatu nene ni bei ya chee, ila katikati kuna mapengo, na ubao ukipata unyevu unavimba. Tabaka tano nyembamba, moja imelazwa huku na nyingine kule, ni ghali, lakini ubao haupindi na skrubu inashika. Wateja ulikuwa unawaambia wazi wachague. Wallahi, nilikuwa najivunia kuitwa binti yako.

Halafu nikaolewa Shinyanga. Vijana wakabeba kabati langu mtaa mzima, wanawake nyuma na vigelegele, kila mtu aone baba kampa nini mwanawe. Kingo zote ulikuwa umezifunika kwa vibanzi vya mninga. Nikadhani urembo, kumbe! Masika ya kwanza tu, mlango ukavimba, tabaka zake tatu zikaachana kama chapati. Mama mkwe akatia kidole kwenye ufa, akacheka.

"Mkamwana, baba yako ndivyo alivyokupima?"

Kabati likaishia jikoni, likawa la kuwekea mkaa. Miaka yote hiyo nikakutetea. Nilisema plaiwudi iliadimika, madukani hamkuwa na kitu, baba wa watu angefanyaje?

Matanga yako tulikaa kwa mdogo wangu, binti wa mke mdogo, maana ndiko ulikohamia uzeeni. Yeye aliolewa wiki chache tu baada yangu, ukamtengenezea kabati kwenye karakana ileile. Nimelikuta limesimama wima, mlango unafungika kwa kidole kimoja. Na kingo ziko wazi, Baba. Hapo hukuwa na cha kuficha. Nikachuchumaa mbele ya wafiwa wenzangu, nikapitisha ukucha kwenye ukingo, nikahesabu.

Tano.

Nililia mpaka wakanishika. Walidhani nakulilia wewe.

Lala, Baba. Sitakutetea tena.

Mimi,
Binti yako wa mke mkubwa